Wawili Wawili Juu ya Barafu

Jumapili ya 15 ya Mwaka B wa Kanisa
Masomo: Amosi 7:12-15, Waefeso 1:3-14, Marko 6:7-13





Injili ya leo ni fupi. Bwana wetu Yesu Kristo anawaita wale Thenashara, anawapa mamlaka juu ya pepo wachafu, kisha anawatuma. Mwinjili Marko anavitaja kwa uangalifu vitu ambavyo hawakuruhusiwa kuvichukua: mkate, mkoba, fedha kibindoni, kanzu ya pili. Sisi wahubiri tumezoea kusema juu ya vitu hivyo walivyokatazwa, na tumesema vizuri, hasa katika majuma ambayo mfuko wa sadaka umerudi mwepesi. Leo ningependa tutazame walichopewa. Walipewa fimbo. Walipewa makubazi miguuni. Na kila mmoja alipewa mwenzake, kwa maana Marko anatuambia kwamba walitumwa wawili wawili.

Ukipiga hesabu utaona kwamba jambo hili ni la ajabu. Watu kumi na wawili wakienda mmoja mmoja, wataingia katika vijiji kumi na viwili kwa siku moja. Wakienda wawili wawili, wataingia katika sita tu. Mtu mwenye haraka ya kueneza habari zake angewatawanya. Lakini Bwana, ambaye mavuno yake yalikuwa mengi na watenda kazi wachache, alikubali kuchelewa katika nusu ya vijiji vile ili asiwepo hata mmoja anayetembea peke yake.

Kwa nini alifanya hivyo? Wataalamu wa Maandiko wanatukumbusha Torati. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, neno haliwezi kuthibitishwa kwa shahidi mmoja, lazima wawepo wawili au watatu. Hiyo ni sababu nzuri. Naye Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyekuwa Papa tangu mwaka 590 hadi 604, alitoa nyingine iliyo nzuri zaidi. Alifundisha kwamba mapendo hayawezi kuwapo pasipo watu wawili, kwa sababu hakuna asemwaye kuwa na mapendo kwa nafsi yake mwenyewe, na asiye na mapendo kwa mwenzake asithubutu kabisa kushika kazi ya kuhubiri. Kabla ya wote hao, yule mwenye hekima aliyeandika kitabu cha Mhubiri alikwisha kusema, katika sura ya nne, kwamba wawili ni bora kuliko mmoja, maana mmoja akianguka yuko wa kumwinua, na kwamba ni masikitiko makubwa kwa yule aangukaye naye yu peke yake.

Mhubiri aliishi katika nchi ya mawe na vumbi. Mimi maneno yake niliyasoma seminarini, nikayafanyia mtihani, nikafaulu. Lakini maana yake niliiona kwa macho mahali pengine kabisa, juu ya barafu. Naomba mnivumilie, maana inanibidi niwapeleke mbali.

Katika majira ya baridi ya mwaka 2009 nilitumwa kwa miezi michache kusaidia katika parokia moja ya Tyrol ya Kusini, kaskazini mwa Italia, ambako paroko alikuwa mgonjwa. Ni nchi ya mabonde marefu ndani ya milima ya Alpi, na watu wake wengi husema Kijerumani ingawa ni raia wa Italia, kwa kuwa eneo hilo lilikuwa la Austria mpaka baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Theluji inapofunika mabonde hayo, watu hupanda milimani kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya mnene wa chuma, kisha hushuka kwa kuteleza juu ya vibao viwili virefu, vyembamba, vilivyofungwa miguuni. Vibao hivyo huitwa skii. Mkononi hushika fimbo mbili. Kwetu sisi, mtu akisikia kwamba wazee wa miaka sabini wanapanda mlimani kwa makusudi ili wateleze, atauliza kama wamerogwa. Kwao ni jambo la kawaida, kama kwetu mtoto wa pwani kuingia baharini.

Nilimpata rafiki huko, fundi seremala, mtu wa umri wangu, mpole, asiyependa maneno mengi. Alikuwa akija sakristia kurekebisha milango iliyovimba kwa unyevu, tukazoeana. Jumatatu ni siku ya mapumziko ya padre, na kwa Jumatatu tatu mfululizo alinipeleka kwenye mteremko mdogo wa watoto, akanifundisha kusimama, kusimamisha skii na kugeuka. Jumatatu ya nne, mwezi wa Februari, alisema sasa twende juu.

Siku mbili kabla ya hapo jua lilikuwa kali na uso wa theluji ukayeyuka. Usiku ule mbingu ilikuwa wazi bila wingu, na baridi ikashuka kwa nguvu, maji yote yale yakaganda. Wasikilizaji wangu, theluji na barafu si kitu kimoja. Theluji mpya ni laini kama pamba, nawe ukianguka unazama ndani yake na kuinuka ukicheka. Theluji iliyoyeyuka ikaganda tena hugeuka kuwa kitu kigumu, chenye kung'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Tena katika miteremko mingi ya huko sehemu ya theluji si ya mvua ya mbinguni. Hutengenezwa kwa mitambo inayorusha matone ya maji hewani ili yagande kabla hayajafika chini, na theluji ya namna hiyo hushikamana na kuwa ngumu mapema. Mashine kubwa hupita usiku kuisawazisha na kuikwangua, lakini watelezaji mia kadhaa wakishapita asubuhi, ule unga wa juu huondoka na barafu hubaki uchi.

Juu ya barafu ya namna hiyo tumbo la skii halishiki kitu. Kinachoshika ni ukingo mwembamba wa chuma uliotiwa pembeni, kama ulimi wa randa ya seremala. Zamani skii zilikuwa mbao tupu. Ni Rudolf Lettner, Mwaustria wa Salzburg, aliyebuni kingo hizo za chuma katika miaka ya 1920. Kwa hiyo mtelezaji hulaza skii kidogo upande ili ukingo uume barafu, na uhai wake wote umo katika ukingo huo, ambao unene wake haufiki hata upana wa unyasi.

Lakini ukingo hauumi pasipo uzito. Hapa ndipo ilipo siri yenyewe, nami naomba tukae hapa kidogo.

Mtu anaposimama kwa kukingama kwenye mteremko mkali, mlima uko upande wake mmoja na bonde upande wa pili. Woga humwambia ajiegemeze kwenye mlima, kwa sababu mlima uko karibu na bonde liko mbali na linatisha. Mwili wote hutaka kuukumbatia mlima. Naam, mtu akifanya hivyo, uzito wake huhamia kwenye skii ya juu, na ile ya chini, iliyopaswa kumshikilia, hubaki tupu, ikaponyoka. Anaanguka kwa sababu ya kile kile alichokifanya ili asianguke. Aliyefundishwa hufanya kinyume: huweka uzito wake juu ya skii ya chini, na kifua chake hukielekeza bondeni, upande ule ule unaomtisha. Hapo ukingo huuma, naye husimama. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, nao walisema kweli, ila naona hawakupata kusimama juu ya barafu, maana huko hata aliyesimama kabisa anaweza kuondoka zake.

Basi, tulishuka vizuri mpaka mahali ambapo njia inakuwa nyembamba na kuingia katika kivuli cha msitu wa misonobari. Jua halifiki hapo tangu Novemba. Urefu wake ulikuwa kama hatua mia mbili. Rafiki yangu alitangulia, akapita, akasimama chini mahali penye upana. Mimi nilifika katikati, na magoti yakakataa. Chini yangu barafu ilikuwa ya rangi ya samawati, na mwisho wake, kwenye kona, palikuwa na nyavu za kuwazuia walioteleza. Anayeanguka juu ya barafu kama hiyo hasimami pale alipoangukia. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi. Wapo kati yenu, najua, ambao wamewahi kusimama hivyo bila kuona theluji hata siku moja: mbele ya mlango wa daktari, mbele ya kaburi la mtoto, mbele ya barua ya kuachishwa kazi.

Yule rafiki angeweza kunipigia kelele akiwa kule chini. Watu wengi waliopita walifanya hivyo, tena kwa nia njema, kila mmoja na shauri lake. Angeweza pia kwenda kuwaita waokoaji. Yeye alizigeuza skii zake akazikingamisha na mlima, akaanza kupanda kwa ubavu, hatua moja baada ya nyingine, kama mtu apandaye ngazi upande upande, kila hatua akiukita ukingo wa chuma katika barafu. Nadhani alitumia robo saa. Nilimwona akija huku pumzi yake ikitoka kama moshi.

Nilitegemea kwamba angepita kando yangu, asimame juu yangu, anishike mkono kutoka juu, kama tumwinuavyo mtu aliyetumbukia shimoni. Hakufika juu. Alisimama chini yangu, hatua mbili hivi, akakingamisha skii zake kama kizingiti cha mlango, akaniambia: “Sasa, Padre, ukiteleza utanikuta mimi.” Kisha akaongeza: “Usiukumbatie mlima. Elemea upande wangu.”

Bonde lilikuwa pale pale, wasikilizaji wangu, na barafu haikulainika hata kidogo. Ila sasa kule nilikokuogopa kulikuwa na uso wa mtu. Nilielemea upande wake, ukingo ukauma. Tukashuka kwa ubavu, kama kaa wa pwani, mimi nikiteleza shibiri moja naye akiteleza shibiri moja, bila kuniacha wala kunisogelea. Katika muda huo darasa zima la watoto wadogo lilitupita kwa shangwe, na mmoja wao alinipungia mkono kwa heshima kubwa. Njia ambayo wao waliimaliza kwa nusu dakika, sisi ilitutwaa nusu saa.

Baadaye, tukila supu katika kibanda cha mlimani, nilimwuliza ingekuwaje kama ningemwangukia kweli. Alijibu kwamba huenda tungeteleza wote wawili mpaka kwenye nyavu, ila hakudhani hivyo, kwa kuwa usiku uliopita aliona nyota zinavyowaka, akajua asubuhi itakuwa barafu, akakaa karakanani akazinoa kingo zake. Alizinoa kwa sababu alijua atakwenda na mtu asiyejua. Akarudi kwenye supu yake.

Ndugu zangu, mara nyingi tunamfikiria Mungu kama aliye juu ya shimo, amenyosha mkono. Si vibaya, Zaburi zenyewe zina picha hiyo. Lakini fumbo la Umwilisho linatuambia zaidi. Mtume Paulo, katika barua yake kwa Wafilipi, sura ya pili, anaonyesha jinsi Mwana wa Mungu alivyoshuka: toka utukufu hadi utumwa, toka utumwa hadi mauti, na mauti yenyewe ni ya msalaba. Hakusimama ngazi ya juu yetu. Alikwenda chini kuliko mwenye kuanguka kupita wote, na katika Kanuni ya Imani ya Mitume tunakiri kwamba alifika hata kuzimu. Yeyote ateleze mpaka wapi, atamkuta Yeye ametangulia kusimama hapo. Basi anapowatuma wanafunzi wake wawili wawili, anawagawia kazi hiyo hiyo yake, kila mmoja awe kizingiti kwa mwenzake.

Watelezaji wana sheria zao. Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo lilitunga kanuni kumi mwaka 1967. Kanuni ya tatu yasema kwamba anayetoka nyuma, yaani aliye juu, ndiye mwenye wajibu wa kuchagua njia yake ili asimhatarishe aliye mbele yake, chini. Aliye chini hadaiwi kugeuka nyuma kila mara na kuuliza nani anakuja. Kanuni ya tisa inamlazimu kila mtu kumsaidia aliyepata ajali. Nilipozisoma ubaoni nilicheka peke yangu, nikikumbuka mabasi ya kwetu, ambapo aliye nyuma, akiwa mkubwa, hupiga honi na wadogo wakaruka mtaroni. Tena si mabasi tu. Katika ofisi zetu, katika koo zetu, na, tusifichane, hata katika halmashauri za parokia, mara ngapi aliye juu hudhani kwamba ni juu ya wadogo kumpisha? Dunia ya michezo iliona ni haki mzigo umwelemee aliye juu. Sisi wenye Injili tusiwe nyuma yao.

Huenda mtu atauliza: je, yule mwenzangu wa kusimama naye ni lazima awe wa imani yangu? Nitajibu kwa kisa kinachojulikana, kilichotokea katika milima ile ile ya Alpi.

Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alikuwa mtelezaji hodari tangu ujana wake katika milima ya Tatra, kusini mwa Poland. Alipokuwa Papa hakuacha mara moja. Tarehe 16 Julai 1984, akiwa na umri wa miaka 64, alikwenda kwenye mlima Adamello, Italia ya kaskazini, mahali palipoinuka zaidi ya mita 3,000, ambako barafu ya kudumu huhifadhi theluji hata mwezi wa Julai. Pamoja naye alikwenda Rais wa Italia, mzee Sandro Pertini, mwenye umri wa miaka 87. Pertini hakuteleza. Alipanda ili akae na rafiki yake na kumtazama akishuka.

Mzee huyo alikuwa mjamaa, na hakuwa mtu wa dini. Kwa miaka mingi serikali ya Wafashisti ilimfunga gerezani na kumweka kizuizini visiwani. Kanisa na watu wa mrengo wake walikuwa na maneno mengi makali kati yao. Lakini Papa alipopigwa risasi katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, tarehe 13 Mei 1981, Rais huyo asiyesali alikwenda mbio hospitalini na kukaa huko mpaka usiku, akingoja habari za upasuaji. Msidhani urafiki wa Adamello ulianza kwa theluji na jua. Miaka mitatu kabla yake mmoja alikuwa ameteleza mpaka ukingoni mwa kaburi, na mwenzake alikuwa amesimama pale.

Tena mahali penyewe palikuwa na historia yake. Juu ya barafu ile, kati ya mwaka 1915 na 1918, askari wa Italia na askari wa Austria na Hungaria walipigana katika baridi isiyosemeka, na maporomoko ya theluji na baridi yenyewe viliua wengi pamoja na risasi. Barafu ya milima hiyo inapoyeyuka, hata katika miaka yetu hii, miili ya vijana hao imepata kuonekana. Mwaka 1988 Baba Mtakatifu alirudi Adamello kuadhimisha Misa kwa ajili ya marehemu hao. Pertini mwenyewe alikuwa askari katika vita hiyo, ingawa upande mwingine wa mpaka ule. Kwa hiyo wazee wale wawili walikaa pamoja kwa furaha juu ya makaburi ya watu ambao hawakupewa nafasi ya kukaa pamoja.

Afrika Mashariki nayo ina kisa chake cha theluji, nacho ni kitamu. Katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, mwaka 1998, Philip Boit wa Kenya alishindana katika mbio za skii za kilomita 10, zile za kukata nyika, si za kushuka mteremko. Alikuwa Mkenya wa kwanza katika michezo hiyo, na alikuwa ameanza kujifunza skii miaka miwili tu kabla yake. Alifika wa mwisho kabisa, dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, mtu mwenye medali nyingi, alipaswa kwenda kuvishwa dhahabu yake. Akakataa kuondoka. Sherehe ikangoja. Alisimama pale penye mstari wa mwisho mpaka Boit alipotokea, akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe mmoja jina la Dæhlie. Majina ya watoto wetu hatuwapi watu ovyo, mnajua.

Sasa nirudi nyumbani, kwa makatekista hasa.

Katika parokia moja ambayo sitaitaja, alikuwapo mwanamume, baba wa watoto wanne, mwimbaji wa besi katika kwaya. Kazi yake iliisha ghafula, akaanza kunywa. Jumuiya Ndogo Ndogo ilimwita, ikamwonya. Ikamwita tena. Ikamwondoa katika uongozi wa kwaya. Kila neno aliloambiwa lilikuwa la haki, na lote lilitoka juu. Kila alipoonywa, alizidi kuukumbatia mlima wake, yaani aliona haya, akajificha, na mahali pa kujificha palikuwa kilabuni.

Katekista wa kigango hicho, mtu wa makamo, mkulima wa mahindi, alianza kufika nyumbani kwake kila jioni, saa ile ambayo mtu huyo alizoea kutoka. Hakumzuia. Alisema, “Twende, kaka,” wakaenda wote. Kilabuni katekista aliagiza soda moja akaimaliza kwa muda wa saa mbili, wakizungumza habari za mbegu na habari za kwaya. Kisha alimrudisha nyumbani huku amemshika bega, wakipitia njia ya mtoni ambayo usiku ina utelezi.

Wapendwa, malalamiko yaliyofika kwa paroko si kidogo. Katekista anaonekana kilabuni! Watoto wa Komunyo ya Kwanza wanamwona! Mama mmoja mwenye bidii aliandika kurasa tatu. Paroko alimwita akamwuliza, naye alijibu kwa upole: “Baba Paroko, nikimngoja kanisani, atakuja nani kumwonyesha njia ya kurudi nyumbani usiku?” Paroko hakumkataza. Alimwomba jambo moja tu, kwamba asiende tena peke yake, na akamtafutia mwenzake, mwalimu mmoja mstaafu, ili wawe wawili. Kwa maana hata anayesimama chini anahitaji wa kusimama chini yake, na soda katika mahali pale ina majirani wabaya.

Je, yule baba ameacha pombe? Hajaacha kabisa. Nimeambiwa kwamba kuna majuma mawili, matatu, hapiti kilabuni, kisha huanguka tena. Lakini amerudi kwenye besi, mkewe anacheka tena, na siku anapoanguka haanguki tena mahali ambapo hakuna mtu. Yule mama wa kurasa tatu alisikia hayo, akanyamaza kwa muda, halafu akaanza kumpelekea mke wa yule bwana unga na mboga. Sasa ni wanne.

Makatekista wangu, naona mara nyingi mnavyotumwa mmoja mmoja, kwa sababu ya uhaba wa watu na wa baiskeli. Mmoja hubeba vigango vitatu, hubatiza wanaokufa, huzika, hufundisha, huamua ugomvi wa wanandoa, na jioni hurudi kwenye nyumba yake akiwa hana wa kumwambia yaliyompata. Maparoko wanaonisikia nao wafanye hesabu ya Bwana, ile inayopoteza vijiji sita. Katekista mwenye mwenzake hufika mahali pachache, lakini hufika akiwa bado mzima.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutasikia katika Injili ile ile ya Marko jinsi Mitume walivyorudi kwa Yesu wakamsimulia yote waliyoyafanya na kuyafundisha. Marko hasemi ni nani kati yao alishuka moyo njiani, wala ni nani aliyemngoja mwenzake. Anasema kwamba walirudi, na kwamba Bwana alipowaona wamechoka aliwachukua kando, mahali pasipo na watu, wapumzike kidogo, kwa sababu hata nafasi ya kula hawakuwa nayo.